Bwana-arusi Aliyefika Mbele

Wapendwa, Padri wetu, majirani wa mtaa wetu wa Hewa Bora, mimi Delphine, dada mkubwa wa marehemu, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma. Nasoma nikiwa na haya usoni. Mtaelewa kwa nini.

Guelord Mwilambwe alizaliwa Kamina tarehe 3 Mei 1985, mtoto wa Papa Alphonse, fundi wa reli, na Mama Benita, ambao wote wametutangulia. Utotoni aliifungua redio ya baba akaifunga tena, ikawa inashika stesheni moja tu. Baba alinung'unika, kisha akaizoea ile stesheni.

Shule ya msingi alisoma Kamina, sekondari hapa Lubumbashi, akapata diplome mwaka 2004, kisha akasomea informatique, yaani mambo ya kompyuta. Tangu 2014 alifundisha watoto wa shule moja ya karibu na kwetu kutengeneza michezo kwenye kompyuta. Mtoto anaunganisha vipande vya rangi, vinavyoitwa bloki, na kila kipande kinamwamuru lutin, yaani kile kisanamu cha kwenye skrini, atembee, asimame au ageuke. Darasa lake lilikuwa na kelele, na yeye mwenyewe ndiye aliyezidi.

Tarehe 20 Julai 2019 alifunga ndoa na Bénie. Kwa ajili ya sherehe alitengeneza mchezo wa kuonyesha ukutani: lutin wawili, bwana na bibi, wanatembea pamoja mpaka kwenye nyumba yao. Kila mmoja alimpa hatua zake na sekunde zake za kusimama. Siku moja kabla, wakwe walisema bibi hawezi kupita bila kumsalimia mjomba wake, Papa Gérard. Walikuwa na haki. Guelord akamweka mjomba njiani ndani ya mchezo, akamwongezea bibi salamu ile, akasahau kumwongezea bwana muda wa kungoja.

Basi ukumbini, pale ukutani, bibi alipopiga magoti mbele ya mjomba, bwana aliendelea na safari yake, akaingia ndani, mlango ukajifunga. Bibi alifika akabaki nje, anatembeza miguu palepale. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Papa Gérard hakucheka. Alichukua kofia yake akaondoka bila kuonja chakula. Ndugu yangu alisikia haya hata kisu cha keki kikamshinda.

Baada ya ndoa alikwenda Kasungami, kwenye shamba la Papa Gérard, na jogoo mkononi na kompyuta kwapani. Alipiga magoti, akaomba msamaha, akamwonyesha mchezo alioutengeneza upya. Sasa bwana hakuwa na sekunde za kuhesabu. Alisimama mlangoni, na hakuingia mpaka bibi amtumie ujumbe kwamba amemaliza kusalimia. Hapo ndipo waliingia wote wawili. Papa Gérard aliangalia, akauliza, "Na kama bibi anakawia?"

"Bwana atamungoya tu, Papa. Mulango haifungike."

Wakala yule jogoo. Tangu siku hiyo, somo la kwanza kwa kila mwanafunzi wake lilikuwa hilo: wawili wanaotembea pamoja usiwape kila mmoja saa yake, mwambie mmoja amngoje mwenzake.

Mwezi wa Februari mwaka huu figo zake zilianza kushindwa. Bénie alimpeleka hospitali na kumrudisha, alimwosha, alimlisha, nasi wengine tulikuja kumsalimia na kurudi kwetu. Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, akiwa na miaka arobaini, mkono wake mkononi mwa bibi yake.

Sasa ile haya. Kesho yake, hapa kwenye kilio, shangazi yetu Chola alisimama mbele ya watu wote akasema, "Siku ya mariage bote tuliona. Mulango ilimufungikia. Ule bibi haiko wa mu hii nyumba." Na wazee wa upande wetu wakaitikia. Programu ya mazishi ikachapwa bila jina la Bénie, na tayari watu walikuwa wanauliza funguo za nyumba ziko wapi. Ee Mungu wangu, hata kaburi lilikuwa halijachimbwa.

Ni Papa Gérard aliyesimama. Hakupandisha sauti. "Ile ya kwanza niliiona, nikakasirika kupita ninyi bote. Lakini miye niliona na ya pili. Bwana alisimama ku mulango, anamungoya bibi yake."

Shangazi aliangalia chini. Programu mnayoshika sasa ni ya pili.

Marehemu anamwacha Bénie, mjane wake, katika nyumba yake, funguo zikiwa mkononi mwake. Anaacha watoto wao Mardochée na Syntiche, mimi dada yake, shangazi Chola, mjomba Gérard wa Kasungami, na wanafunzi wake waliokaa pale nyuma. Bénie, mbele ya hawa wote, familia yetu inakuomba msamaha.

Guelord, pumzika kwa amani hapo mlangoni. Bibi yako angali anasalimia watu.