Sensa Aliyoifunga Arvid Tollefson

Wasikilizaji wapendwa, Arvid Tollefson ametutoka. Amefariki Jumanne, hapa hapa kando ya Ziwa Torvik. Fundi mabomba, mvuvi, mtu mkaidi. Nasema mkaidi kwa heshima.

Mwaka jana kiharusi kilimpoozesha mkono wa kushoto. Binti yake, Marlys, akataka kuiuza boti yake ya kuvulia.

"Baba, utakuja kuzama bure."

"Nipe mpaka ufunguzi wa msimu wa uvuvi," Arvid akajibu. "Nikifunga sensa mpya kwa mkono wangu, tukaenda tukavua, boti haiuzwi. Nikishindwa, iuze na kofia yangu ndani yake."

Sensa, wasikilizaji, ni lile jicho linalotazama chini ya maji na kuonyesha samaki kwenye skrini. Hufungwa kwenye mota ndogo ya umeme, mbele ya boti. Arvid aliibana mota kwa magoti, akakaza klampu, kile kibanio cha kuishikilia sensa, kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Lakini fundi mabomba hapendi kitu kinachoning'inia. Waya wa sensa akauvuta ukanyooka, akaufunga kwenye mhimili wa mota, safi kama bomba la jikoni.

Yeye na Marlys wakaingia majini na boti kujaribu. Mota ikageuka kona moja tu. Waya ukakatika, skrini ikawa nyeusi.

Jirani yao, Dewey, akacheka kutoka gatini. "Arvid! Umemfunga mbwa kamba fupi!"

"Nyamaza wewe, kahawa yako inapoa!"

Marlys akamshika bega. "Baba, yatosha sasa."

"Msimu umefunguliwa?"

"Bado."

"Basi haijatosha."

Akanunua sensa nyingine. Mara hii aliacha waya ulegee, kitanzi kizima, mota igeuke itakavyo. Kitanzi kile kilimuudhi kila alipokitazama. Hakukigusa. "Kibaya," alimwambia Marlys, "lakini kinapumua."

Siku ya ufunguzi skrini ilionyesha mwamba, na juu ya mwamba, samaki. Marlys ndiye aliyevuta wa kwanza. Waliporudi, Dewey akauliza boti inauzwa kiasi gani.

"Boti gani?" Marlys akamjibu.

Arvid alivua msimu mzima, wasikilizaji. Msimu mzima, kwa mkono mmoja.

Marlys, na jamaa wote wa Tollefson, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi wengine tujiulize usiku wa leo: ni kitu gani tumemnyang'anya mzee wetu kwa kumhurumia, kabla hatujampa nafasi ya kujaribu mara ya pili?