Inchi Nne za Gari la Futi

Benchi letu liko mbele ya gereji ya Spana. Anayekaa katikati huinuka na alama ya msumari, ndiyo maana anayechelewa ndiye hukaa katikati. Muuza kahawa hukaa mbele yetu juu ya kigoda chake, birika miguuni, na hasemi na mtu mpaka anyooshewe kikombe. Ijumaa ile alasiri tulikuwa tumechoka. Wiki tatu tumeshinda chini ya gari la Futi, mshonaji, aliyepata jina hilo kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akila. Gari lake ni la zamani, lile la kuvuta magurudumu yote manne, ila tumbo lilikuwa limelegea karibu na ardhi. Na njia ya kwa mama yake ina jiwe katikati, wala gari jingine halifiki huko. Mwezi uliopita jiwe lilipasua sehemu ya oili, mama akakosa siku yake hospitali, baada ya magoti yake kumngoja daktari mwaka mzima. Alipewa siku nyingine. Siku hiyo ilikuwa kesho.

Futi alikuwa amelala chali chini ya gari, akipima mara ya mwisho.

— Inchi kumi na mbili na nusu. Jiwe lina kumi na moja na robo.

— Pima tena, alisema Lori. Jiwe la njiani hukua. Haba na haba hujaza kibaba.

Lori aliendesha malori miaka thelathini, na goti lake la kushoto lililiwa na klachi. Akatueleza juu ya jiwe alilolijua ujanani, la kimo cha kuku, ambalo alipostaafu lilikuwa na kivuli cha kupumzikia. Hakuna aliyebisha. Kubisha nako kunataka nguvu.

Wazo la kwanza, wiki tatu nyuma, lilikuwa la Spana: springi za mtumba kutoka gari la ukoo uleule, lakini zito zaidi, lililokuwa limepinduka na kuachwa uani kwa muuza vyuma. Zikatupa inchi mbili. Shokomzoba nazo Spana akazitoa kwenye mkweche mwingine. Moja inavuja kidogo, naye huifuta kila asubuhi kama pua ya mtoto. Lori akasema inchi mbili ni aibu, tufunge springi za lori gari lipite juu ya ng'ombe aliyelala. Kesho yake akataka magurudumu ya trekta. Mimi nilishauri tulivunje jiwe, nikaambiwa lile si jiwe la kuvunjwa, ni mgongo wa kilima wenyewe. Mwishowe Spana akachonga vipande vya mpira mgumu, akavipachika kati ya springi na fremu, tukapata inchi mbili nyingine. Gari likasimama kama mtu aliyepandisha nguo avuke mto.

— Aliye juu mngoje chini, alisema Spana, akijifuta mikono. Sasa jiwe lingoje.

Tukaagiza kahawa. Nadhani tulikuwa na furaha, ila uchovu uliifunika.

Hapo akaja dada mkubwa wa Futi, na mto kwapani wa kuwekea miguu ya mama safarini. Akatusalimu, akatupa pole ya kazi, akafungua mlango wa gari. Sakafu ilimfika juu ya goti, katikati ya paja. Akauweka mto. Hakuufunga mlango.

— Na mama atapandaje?

Muuza kahawa aliacha kumimina.

— Tutambeba, dada, alisema Lori.

— Mama huyu? Alianguka njia ya kisimani, akatambaa mpaka nyumbani ili asibebwe.

Futi akatoka chini ya gari. Akavua futi shingoni, akapima toka ardhini hadi mlangoni. Ishirini na nane. Dada yake akamwuliza taratibu, bila kumlaumu:

— Mdogo wangu, wewe ndiye unayemshonea. Mguu wake unanyanyuka inchi ngapi?

Anajua mabega ya mama yake, kiuno, urefu wa mkono, hata upande wa bega uliolala zaidi. Anavijua bila kuandika. Hicho hakuwahi kukipima; futi ilining'inia mkononi.

Spana alisema kushusha gari ni kazi ya usiku kucha, na likishuka jiwe liko palepale.

Muuza kahawa akainuka. Akakipangusa kigoda chake kwa kiganja, akakiweka chini ya mlango.

— Kahawa imekwisha, alisema. Birika lilikuwa bado linatoa mvuke.

Lori akakiangalia, akasema ngoja tumpime mama kwa goti langu. Akapanda kigoda, akashika mlango, akainua mguu wa kushoto. Uliishia hewani, mbali na sakafu. Akakaa hivyo kitambo, kisha akageuka polepole, akatutazama pale tulipokaa. Hakututazama usoni. Alitazama chini yetu.

Tukainuka. Futi akapima benchi: kumi na saba.

— Kigoda, benchi, gari, alisema dada yake. Hapo atapanda mwenyewe.

Benchi tulilifunga juu ya gari kwa kamba mbili, kigoda tukakiweka ndani. Kisha muuza kahawa akamimina iliyobaki, tukainywa tumesimama.