Amani ya Mwalimu

Ndani ya treni, mwalimu aliyeketi mbele yangu alikuwa akimweleza abiria mwenzake, fundi cherehani, siri ya kuwa na moyo mtulivu msimu huu wa kampeni. “Mimi simtukani mtu, dada. Kaka yangu amehamia chama cha wale wapumbavu, nami nimenyamaza tu, mwezi wa tatu huu. Mama mgonjwa tunamuuguza kwa zamu, funguo tunaachiana kwa jirani.”

Upole wa kupigiwa mfano.

“Mimi nawashonea sare watu wa vyama vyote,” fundi alisema. “Vitambi vyao vinalingana.”

Simu ya mwalimu ikaita. Kwenye kioo palisomeka “Mpumbavu”. Akaigeuza kifudifudi pajani.

“Pokea, mwalimu,” fundi akasema taratibu. “Leo si zamu yake kwa mama?”

Treni ikasimama. Simu ilikuwa bado inaita.