Dada Gundi na Vumbi la Chumba cha Kuchanganyia

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, nanyi mnivumilie sauti ikipanda.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, na jina la Gundi alipewa na baba, kwa kuwa kila beseni lililopasuka nyumbani aliliziba kwa plastiki aliyoiyeyusha jikoni, mama akifoka kwamba siku moja atatuchoma wote. Alisoma shule ya mtaani kwetu, akahitimu kemia chuo kikuu mwaka 2003, akaolewa na fundi umeme mwaka 2006, wakajaliwa mabinti wawili, hawa waliokaa mbele yenu.

Mwaka 2011 aliajiriwa kituo cha utafiti, akashughulika na plastiki mbili ambazo hata ukiziyeyusha pamoja hukataana kama maji na mafuta, na zikipoa huvunjika kama biskuti. Yeye alizishikanisha kwa unga mweusi wa grafini, yaani kaboni nyembamba kupindukia, mwepesi kama moshi, uliopambwa kwa chembe za shaba, na kipande alichotuletea nilikipiga nyundo hadi mpini ukalegea, yeye akinicheka, "Ongeza nguvu, we mlegevu!"

Lakini unga ule ulielea katika chumba cha kuchanganyia, akaomba mashine ya kuvuta vumbi na barakoa za maana, akaomba tena, na mkurugenzi akamjibu mbele ya wenzake, "Vumbi lisiloonekana litakuuaje? Acha kudeka." Mwaka uliofuata kituo kikajenga ukumbi wa mikutano wenye viyoyozi, na dada akaanza kukohoa. Alipolazwa, daktari alituonyesha picha ya mapafu yake, akasema bila kumung'unya maneno, "Hili ni vumbi la kazini." Alifariki tarehe 2 Juni 2023, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa chumba cha kuchanganyia, ambao jana waligoma kuingia humo mpaka mashine ile ya kuvuta vumbi iwekwe. Mkurugenzi, shada lako tumeliona, ndilo kubwa kuliko yote, na hotuba tunaiona mfukoni. Hutaisoma. Familia imekataa. Kaa hapo hapo, wenzake ndio watakaombeba.

Pumzika kwa amani, dada yangu, ugomvi tuachie sisi.