Tarehe Ambayo Mume Wangu Hufungwa Kila Mwaka

Mheshimiwa Mkurugenzi wa redio yetu, ndugu wakuu wa idara, watangazaji na mafundi mitambo, shemeji yangu mstaafu pamoja na mkeo mpendwa, ndugu wageni waalikwa ambao tayari mnaichungulia meza ya chakula: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi ni fundi cherehani. Kamati ya sherehe ilimwalika mume wangu, fundi friji, golikipa wa zamani ambaye ninyi mnamfahamu kama Bwana Tobo. Nadhani baada ya kumcheka hewani miaka yote, mlitamani kumcheka ana kwa ana. Amesema ana kazi za watu. Nikamwambia, basi nitakwenda mimi.

Leo tunamuaga mtangazaji wa kipindi cha "Siku Kama ya Leo", mtu aliyetufundisha historia ya kandanda kwa tarehe. Na kamati, kwa hekima yake, ikachagua tarehe hii hii. Ni tarehe tajiri! Siku kama ya leo, mwaka fulani, mechi ilivunjika kwa sababu mpira pekee uliokuwepo uliangukia kwenye lori lililokuwa likipita, na dereva hakusimama. Siku kama ya leo, mwaka mwingine, mshambuliaji alifunga bao kwa kisogo huku akibishana na refa. Na siku kama ya leo, ndugu zangu, dakika ya mwisho ya fainali, mume wangu alipigwa tobo.

Alipigwa kweli, sikuja kukanusha. Mvua ilikuwa inanyesha, shuti lilikuwa kali, mpira ukateleza ukapita katikati ya miguu yake, na kombe likaenda kwa wenzao. Lakini ninyi mliosikiliza redio mliambiwa nini? Mwaka wa kwanza mstaafu wetu alisema shuti lilikuwa kali. Mwaka uliofuata likawa la kawaida. Baadaye mpira ukawa unabingirika, mvua ikakatika, jua likawaka, na kipa akawa anampungia mkono mchumba wake jukwaani. Mchumba mwenyewe ni mimi, na siku hiyo nilikuwa kazini nashona sare za shule. Jamani, chumvi hiyo! Mpira ule ulipungua kasi kila mwaka, na kama Mkurugenzi angemwongezea mkataba, ungesimama kabisa, mume wangu akausukumia ndani mwenyewe.

Mlicheka, na siwalaumu. Ana kipaji, anavunja watu mbavu. Lakini mliwahi kujiuliza kicheko chenu kinatua nyumba gani? Wateja walimletea mume wangu friji na kumuuliza, "Fundi, mlango huu utafunga kweli, au utapitisha kama wewe?" Akacheka nao. Alijikaza. Aliyeshindwa kujikaza ni binti yetu, wakati huo yuko darasa la tatu. Kila ikifika tarehe hii, tumbo linamuuma, shule haendi. Daktari alimpima asione kitu. Mwishowe akaniambia mwenyewe: "Mama, wenzangu wakiniona leo wanatanua miguu."

Niliacha cherehani na nguo ya mteja chini ya sindano, nikaja hapa redioni. Nilimkuta mstaafu wetu kwenye korido, anakula karanga.

Nikamuuliza, "Siku ya ile fainali, ulikuwa wapi?"

"Uwanjani, mama."

"Upande gani?"

Akatafuna kwanza. "Upande wa nyuma."

"Nyuma ya goli?"

"Nyuma ya jukwaa." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo hamjawahi kuisikia hewani: "Shemeji, nilikuwa kwenye foleni ya choo. Nilisikia kelele tu."

Nampongeza, alisema kweli. Nikamuuliza tena: tarehe hiyo hiyo, miaka michache kabla, mume wangu alidaka penalti kwenye nusu fainali, akabebwa mabegani. Hiyo unaijua?

"Naijua."

"Mbona husimulii?"

"Shemeji, kipa aliyedaka ana utamu gani? Watu wanataka aliyefungwa."

Hata hivyo aliniahidi kurekebisha. Mwaka uliofuata tulikaa sebuleni wote watatu, redio juu. Na mtu huyu, ndugu wageni, alitimiza ahadi! Aliisimulia penalti yote: mpigaji alivyoweka mpira, kipa alivyoruka kulia, mashabiki walivyovamia uwanja. Kila kitu sawasawa, isipokuwa jambo moja dogo. Sifa zote akampa kipa wa timu pinzani.

Mume wangu alizima redio, akasema, "Ngoja nikamalizie friji ya watu." Mimi nilitaka kulia. Lakini binti yetu akachukua begi lake na kwenda shule, na mchana akarudi anatabasamu. "Mama, nimewaambia darasa zima kwamba mtangazaji alikuwa chooni." Tumbo halijamuuma tena.

Shemeji, naona umeinamisha kichwa na mkeo anafuta machozi ya kicheko. Inueni vichwa, maana nina zawadi yenu. Jumamosi, uwanja wa shule ya msingi, mume wangu atapiga penalti tano, na golini utasimama wewe. Usitikise kichwa: ulikubali asubuhi mbele ya Mkurugenzi, ukidhani ni utani. Redio itarusha matangazo moja kwa moja, na kila mwaka tarehe hiyo tutayarudia.

Mtangazaji nitakuwa mimi.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio, na Mungu ampe mstaafu wetu magoti ya kubana.