Filimbi ya Kompresa

Waliokuwepo asubuhi ile ni hawa: Seremala, mwenye karakana nyuma ya nyumba yake, hatua thelathini kutoka benchi letu, Kinyozi, tunayemwita Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua, Gia Tano, dereva mstaafu, na mimi, karani mstaafu, ambaye husikiliza zaidi. Kahawa ilikuwa ya mzunguko wa pili. Huko nyuma kompresa mpya ya Seremala ilinguruma, ikijaza hewa tangini kwa kazi ya kupulizia vanishi.

— Leo hailii filimbi, alisema Gia Tano.

— Nimeikomesha, akajibu Seremala. Ilikuwa inamshtua Mama. Tangi liko upande huu wa ukuta, kitanda chake upande wa pili. Nimeikaza kwa waya.

Walichokiita filimbi ni vali ya usalama. Hilo ndilo jina lake.

— Umefanya la maana, alisema Profesa. Ile wameiweka mnunuzi ajue mashine ni nzima. Kama honi tu.

— Wee Profesa, nyoa vichwa! akadakia Gia Tano. Ile ni hewa chafu inajitoa. Ukiifungia, inachanganyika na safi, inakuwa nzito. Vanishi inataka hewa nzito.

— Basi akiiacha wiki nzima itakuwa uji.

— Itakuwa gesi. Atapikia.

— Seremala, ndugu yangu, mimi uniwekee mtungi mmoja!

Tulicheka, hata mimi.

Mpangaji mpya wa nyumba ya pili, fundi bomba, alikuwa amesimama akisubiri kikombe.

— Shikamooni, wazee. Samahani, hewa ikizidi itatokea wapi?

Tulimgeukia Seremala.

— Si inajizima yenyewe? nikauliza.

— Swichi yake huwa inanata, alisema Seremala, nikisikia imejaa nai...

Hakumaliza. Alikuwa ameshaanza kukimbia, nasi nyuma yake.

Mama alitolewa kwanza, kakumbatia mto wake, analalamika. Kisha umeme ukazimwa kwenye mita, na fundi bomba akafungulia mpira wa hewa uliotokeza dirishani. Hewa ilitoka kwa kishindo, ikapungua, ikaisha. Seremala alikaa chini pale pale uani, akicheka huku anajifuta macho.

— Umeniamsha kwa ajili ya upepo, mwanangu?

— Nisamehe, Mama. Ile filimbi nairudisha.

— Irudishe. Nitaizoea.

Profesa alisema yeye alihisi tangu mwanzo. Tulimwacha aseme, siku ile tungemsamehe lolote.

Fundi bomba aliukata waya kwa koleo. Gia Tano akamuuliza mambo ya hewa aliyasomea wapi.

— Sikuyasomea, mzee. Kaka yangu alikuwa na karakana nyumbani. Naye aliifunga filimbi.

Kaka yake alifariki mwezi wa pili, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi.