Apolinary Wanzagi, Aliyezima Injini Kisorya

Mbinga, tarehe 12 Juni 1999. Huu ni mwaka wa kumi na tatu tangu niondoke Bunda. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wa Mzee Apolinary Wanzagi, ambaye mwisho wa mwezi huu anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya kwa miaka thelathini, yote akiwa stoo. Wengi wenu mtakaousikia ukisomwa mliajiriwa baada yangu. Mnamjua mzee wa miwani anayekuuliza mara mbili kama kweli unahitaji hiyo balbu. Nami nitawaeleza habari za kijana aliyekuwapo kabla ya miwani.

Alizaliwa kijiji cha jirani na Butiama, katika familia ya wakulima wa pamba na mtama. Baada ya shule ya kati alifanya kazi kwa muda mfupi kwenye kinu cha kuchambua pamba, kisha mwaka 1969 akaletwa Bunda kuwa mtunza stoo wa kituo kilichokuwa na wodi moja, jiko moja na gari moja. Alimwoa Mwalimu Dafroza, wakajenga Manyamanyama, hukohuko Bunda, na huko ndiko walikowalea watoto wao. Chini ya usimamizi wake stoo ilihama kutoka kibanda cha mabati hadi jengo la matofali mnaloliona leo, na katika miaka yote hiyo hakuna dawa iliyoharibika humo kwa sababu ya kuvujiwa.

Sifa yake kubwa, tuseme ukweli siku ya sherehe, ni wasiwasi. Jioni alifunga mlango wa stoo, akaondoka, akafika barabarani, akarudi kuusukuma aone kama umefungwa. Mpishi wetu Pelagia alikuwa akimwangalia kutoka jikoni. "Baba, mwizi mwenyewe atachoka kukusubiri," alimwambia siku moja. Apolinary akamjibu kwa uso mkavu, "Ndiyo nia yangu."

Miaka ile ya shida, kati ya 1982 na 1985, wasiwasi ulikuwa na kazi nyingi. Sabuni hakuna, mafuta ya taa kwa mgawo, na kipuri cha gari kilihitaji kibali ambacho nacho kilihitaji kibali kingine. Betri ya Land Rover yetu ilizeeka katikati ya miaka hiyo. Ilibaki na nguvu ya kutoa cheche kwenye plagi, lakini haikuweza kuzungusha stata ili injini iwake kwa ufunguo. Basi dereva wetu, Keraryo, akawa analiegesha gari juu ya mteremko ulio kando ya jiko, pua ikitazama chini. Asubuhi analiachia, linabingirika, anaingiza gia, linawaka. Likishawaka halizimwi hadi lirudi. Alisubiri wagonjwa likinguruma, alikula likinguruma. Likikwama mahali pa tambarare, waliokuja kuona ndugu zao wodini walijua kwamba kabla ya kuaga watasukuma. Tulizoea kiasi kwamba hatukuona tena kuwa ni tatizo. Hapo ndipo palipozaliwa kosa letu.

Mwanzoni mwa 1986 bidhaa zilianza kurudi madukani, na betri zikiwamo. Wakati huohuo surua ilikuwa imeshika vijiji kadhaa upande wa Ukerewe, na sisi tukapewa jukumu la kuvusha chanjo kupitia gati la Kisorya. Kuvuka kwa pantoni na gari la kusukuma hakukuwezekana. Sheria ya pantoni ilikuwa moja: ukishapanda, unazima injini. Na ng'ambo, njia ya kutokea gatini ilikuwa inapanda. Gari lisilowaka kwa ufunguo lingeziba njia, pantoni isingeondoka, na barafu yetu ingeyeyuka pale majini watu wakitazama.

Apolinary akatumwa Musoma kununua betri. Fedha ilitosha betri moja tu, na alijua kwamba akikosea hatapewa nyingine.

Alizunguka mji mzima. Alianzia mtaa wa Nyasho kwa Fundi Omari, ambaye alikuwa akifumua betri zilizokufa, anabadilisha sahani za ndani, anaziba juu kwa lami. Omari alimwonyesha moja iliyokuwa bado na joto la lami. Apolinary akauliza inatoka nchi gani.

"Inatoka hapa uvunguni," Omari akasema. "Usiniulize nchi, kaka. Niulize imekaa muda gani. Hii imekaa tangu asubuhi."

Apolinary hakushawishika. Ilikuwa na sura mbaya, na yeye alikuwa anabeba dhamana ya watoto wa watu. Akaenda mjini, kwenye duka jipya, akakuta betri kutoka ng'ambo ndani ya boksi lake, nzito, haina ufa, vichwa vyake viking'aa bila mkwaruzo. Aliibeba mikononi aone uzito. Aliinusa. Aliitikisa kidogo asikie maji ndani. Kila alichokijua kuhusu betri nzuri alikikuta pale. Hakuuliza imekaa rafuni muda gani, na kwa haki, nani kati yetu angeuliza? Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ambayo rafu haikuwa na kitu cha kukaa.

Alirudi na basi, betri kwenye mapaja yake kama mtoto anayepelekwa kliniki. Tulimpokea kwa makofi. Pelagia alipika ubwabwa. Keraryo akaifunga betri mahali pake, akafuta vumbi, akapanda kwenye gari, akaliachia mteremkoni kama kawaida. Likawaka. Tukashangilia tena.

Sijui kama kuna watu wengine duniani wangeweza kukosea hivyo. Wiki nzima gari lilifanya kazi na betri mpya, na wiki nzima lilibingirishwa kila asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza ufunguo. Mimi, niliyekuwa tabibu wa kituo, nilikuwa kiti cha mbele siku zote hizo.

Siku ya safari Apolinary aliomba kuja nasi. Hakuwa na kazi huko. Alisema anataka kuona tu. Nyuma tulikuwa na maboksi ya baridi, chanjo ndani na barafu tuliyoigandisha kwenye friji la mafuta ya taa. Tulifika Kisorya pantoni inashusha. Lori la Isuzu lilikuwa la mwisho kutoka, limejaa magunia ya dagaa. Mwenyewe, mfanyabiashara wa Musoma aitwaye Hasani, jina lake limeandikwa mlangoni mwa lori, aligeuza ufunguo mara moja, lori likaitika, likapanda hadi nchi kavu. Akalizima, akashuka kunywa chai.

Apolinary alilitazama lile lori muda mrefu. Halafu akamgeukia dereva wetu.

"Keraryo, tangu nilete hii betri, umewahi kuwasha kwa ufunguo?"

"Si inawakaga?"

"Kwa ufunguo?"

Keraryo akafikiri. "Kwa mteremko," akasema taratibu.

Karani wa pantoni alikuwa anatupungia mkono tupande. Apolinary akanyoosha mkono mbele ya dereva, akazima injini. Kelele iliyotusindikiza miaka mitatu ikakatika ghafla. Nikasikia ndege wa ziwani. "Washa," akasema. Keraryo akageuza. Tik. Akageuza tena. Tik.

"Wewe mzee, unalizima la nini sasa?" karani akapiga kelele. "Mnapanda hampandi? Nikiondoka hapa ni hadi kesho!"

Hadi kesho barafu yetu isingefika. Apolinary alishuka. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha chai.

"Bwana Hasani, naomba betri moja ya lori lako."

Hasani aliweka kikombe chini. "Lori linawaka kwa zote mbili. Na mimi niende Musoma na nini? Na dua?"

"Lori lako ni la dizeli, halihitaji cheche. Utasukumwa, litawaka, utafika. Watu wa kusukuma wapo."

"Bila taa?"

"Ondoka sasa hivi, jua bado lipo."

"Kaka, vitu vikiingiaga kwa watu wa ofisi havitokagi. Nani atanirudishia?"

"Basi nichukue mimi," Apolinary akasema. "Niweke juu ya magunia. Hadi betri yako irudi, niko kwako."

"Nikufanyie nini sasa? Nikupime kilo, nikuuze na dagaa?"

Watu wakacheka. Apolinary hakucheka. Alimshika mkono yule tajiri, akamvuta hadi nyuma ya Land Rover, akainua mfuniko wa boksi moja. Ukungu wa baridi ukapanda usoni mwao. "Surua," akamwambia. Hasani aliangalia vichupa, akaangalia ziwa alilotoka kuvuka. Huko ng'ambo alikuwa amelala vijiji viwili, na katika kila kimoja alikuta msiba.

"Spana iko chini ya kiti," akasema. "Fungueni haraka, nisije nikabadili nia."

Ile betri ilikuwa na lami juu. Nilisikia Apolinary anavuta pumzi alipoiona, lakini mikono yake haikusimama. Keraryo aliifunga, akageuza ufunguo, gari likawaka. Tukapanda pantoni, tukazima. Nilipogeuka, watu wa gatini walikuwa wanalisukuma lori, na mtunza stoo wetu alikuwa amekaa juu ya magunia, kofia mkononi, anatutazama sisi na siyo barabara.

Ng'ambo, karani akafungua mnyororo. Keraryo akanong'ona kitu kwa Kikurya, akageuza. Liliwaka mara ya kwanza.

Tulichanja kijiji hadi kijiji, na barafu ilitutosha. Tuliporudi tulikwenda moja kwa moja Nyasho, nyumbani kwa Hasani. Apolinary alikuwa mlangoni. Hakusalimia.

"Barafu ilifika?"

"Ilifika."

Akakaa chini palepale, kwenye kizingiti, akafunika uso kwa mikono.

"Mchukueni mzee wenu," Hasani akasema kutoka ndani. "Kila nikilala anaamka kuangalia kama nimefunga mlango. Mke wangu anasema tumbakize, mimi nimechoka."

Betri ya boksi tuliipeleka kwa Omari. Aliipima, akasema ilijazwa asidi zamani, ikaachwa kukaa bila kuchajiwa hadi sahani zikachoka. Ilituwashia redio ya wodini kwa muda, basi. Kituo kilipopata fedha nyingine, Apolinary alikwenda Nyasho mwenyewe akanunua yenye lami, akiwa amehakikisha kwanza inazungusha stata ya gari la mtu mwingine pale barabarani.

Kutokana na safari ile akaweka utaratibu ambao nasikia bado mnaufuata: betri yoyote ikiletwa, gari hulala mahali pa tambarare, na asubuhi injini ikiwa ya baridi dereva huwasha kwa ufunguo mbele ya mtu wa stoo. Vijana, mkiona ni usumbufu, sasa mmejua ulikotoka.

Mzee Apolinary, kwa niaba ya tuliofanya kazi nawe, wa zamani na wa sasa, asante. Umehangaika kwa niaba yetu sote, nasi tukalala. Nenda Butiama ukalime kwa amani wewe na Mwalimu Dafroza, mvua iwanyeshee kwa wakati, na mjaliwe wajukuu wenye kelele nyingi.

Nasikia umesema utakuja kunipokea stendi ya Bunda siku ya sherehe, na umeanza kuulizia kama mabasi ya kusini yanaaminika. Usihangaike, ndugu yangu. Mke wangu amezikwa hapa Mbinga, na nafasi yangu iko kando yake. Sitarudi.